Mama katolewa mafindofindo na ana sukari, huo weupe kooni ni usaha?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 52, ana sukari, anachoma insulini usiku. Leo siku ya sita tangu atolewe mafindofindo, koo lina utando mweupe na mdomo unanuka. Jirani anasema ni usaha, ukwanguliwe kwa kijiko na kitambaa cha chumvi. Tumempa amoksilini ya dukani, tunamnywesha asali na juisi ya boksi kulainisha koo, na kwa vile hali chakula vizuri insulini ameiacha.

JIBU: Msikwangue. Hilo ni gaga la kidonda, ila kooni kuna mate muda wote kwa hiyo haliwi jeusi kavu kama la gotini, linakuwa jeupe au njano na linanuka, na hubanduka lenyewe kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, siku hizo hizo ambazo damu huweza kutoka. Sasa wewe ingiza kijiko na kitambaa cha chumvi uone!

Ila kilichonikera zaidi ni insulini. "Hali, kwa hiyo sukari itashuka", hii nasikia kila wiki jamani. Mwili wenye kidonda unatoa homoni za kupandisha sukari, ini linaimwaga kwenye damu hata kama mtu hajatia kitu mdomoni, na juu yake mnamnywesha asali na juisi ya boksi eti kulainisha koo. Sukari ikikaa juu, chembe nyeupe za damu zinakuwa goigoi, bakteria wanajitanua. Na kuna bakteria anaitwa Klebsiella, anayependa majipu ya shingo ya wenye sukari, amoksilini kwake ni maji tu.

Pimeni sukari sasa hivi, mpigieni daktari wake awape dozi ya usiku wa leo, msijikatie wenyewe. Sikio kuuma ni kawaida. Homa ikifika 38, mdomo ukigoma kufunguka, shingo ikivimba au mate yakimchuruzika, hospitali moja kwa moja, na damu mbichi hata kidogo vilevile.

Na nyie wa kukata kimeo, nawajua mnasoma hapa. Mtu ana kikohozi wiki tatu, badala ya kupimwa TB anapelekwa kwa mzee mwenye wembe. Wa mwisho niliyempokea shingo ilikuwa imejaa mpaka kidevu hakionekani, sukari 27, na kumbe yule mzee hata hakumuuliza kama ana kisukari.