Maswali ya Wasomaji: Gunia la CAN kutoka Mvuke wa Olkaria

SWALI: Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani ya umeme usiochafua hewa, Septemba 2023, na tunaambiwa itatuletea mbolea. Gesi inageukaje CAN, ile mbolea ya naitrojeni ya kukuzia mahindi? Na mbona kila mara inatajwa Olkaria yenye umeme wa mvuke wa ardhini, kwani jua si la bure? – Mkulima, Nakuru

JIBU: Gunia la kilo 50 la CAN ya asilimia 26 lina kilo 13 za naitrojeni. Kuzipata kunataka kilo 16 hivi za amonia, ambayo ndani yake mna haidrojeni kilo 2.8. Haidrojeni hiyo hutolewa kwa kupasua maji kwa umeme: kila kilo hula uniti 50 hadi 55 na lita 9 za maji safi kwa uchache. Ongeza umeme wa kutenga naitrojeni hewani na wa kushindilia gesi, gunia limekula uniti 160 hivi. Uniti ikiuzwa senti 5 za dola, umeme peke yake ni dola 8. Ikiwa senti 15, ni dola 24. Mradi hufia hapa, hata uwe wa kijani namna gani.

Jua ni la bure, lakini hulala. Mtambo wa alkali, aina moja ya mitambo ya kupasua maji, haupendi mzigo mdogo: ukishuka chini ya robo hivi ya uwezo wake, oksijeni hupungua ilhali haidrojeni inayopenya kiwambo kinachotenga gesi hizo mbili haipungui sana. Ikifika asilimia 4 ndani ya oksijeni, mchanganyiko unaweza kulipuka, kwa hiyo vidhibiti huzima mtambo mapema, kwenye asilimia 2. Tanuri la amonia nalo, kwenye nyuzi 400 hadi 500, huharibiwa na zima-washa. Mvuke wa Olkaria hutoka usiku na mchana.

SWALI: Na yuria je? – Mwenye duka la pembejeo, Eldoret

JIBU: Tani moja ya yuria hutaka kilo 730 hivi za kaboni dioksidi. Kiwanda cha gesi asilia huwa nayo tayari, maji hayana. CAN huhitaji chokaa tu juu ya amonia na asidi ya nitriki, nayo asidi yenyewe hutokana na amonia.

SWALI: Maji ya kisima yatafaa? – Fundi pampu, Naivasha

JIBU: Hivyo hivyo, hapana. Kalsiamu na silika huganda ndani ya seli, pale maji yanapopasuliwa, na kloraidi hula chuma. Yapitishe kwanza kwenye utando wa kuondoa chumvi, kisha kwenye resini, chembe zinazonasa madini yaliyobaki. Mtambo wa kupasua maji wenye utando wa plastiki hutaka maji yasiyopitisha umeme kirahisi: chini ya maikrosimensi 1 kwa sentimita. Mita ya kupima hilo ifungwe baada ya resini. Ikifungwa kabla, resini itachoka na hutajua mpaka seli ziharibike.