Ubavu hausimamishi ufa

SWALI: Ninatengeneza modeli ya ufa unaokua kwenye paneli ya alumini ya bodi ya ndege, yenye mbavu zilizopigwa ribiti. Ufa ukikaribia ubavu, kasi yake inashuka mno. Je, naweza kuhesabu kwamba umesimama, nikarefusha muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine?

JIBU: Hapana, mhandisi. Usirefushe hata siku moja. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara limeambatana na picha za rangi kutoka kwenye programu.

Kasi kushuka ni kweli. Ribiti zinahamishia sehemu ya mzigo wa bati kwenye ubavu, mkazo kwenye ncha ya ufa unapungua. Lakini mzigo haujapotea. Umeingia kwenye ubavu na kwenye ribiti chache zilizo jirani na ufa. Ubavu nao umeuhesabia uchovu, yaani kudhoofika kwa kubeba mzigo mara kwa mara? Ribiti umezipa ulegevu wake, yaani kunepa kidogo zinapobeba mzigo, au umezigandisha na bati ili hesabu iwe nyepesi? Ukizigandisha, ubavu unaonekana kusaidia kuliko unavyosaidia kweli. Na siku ubavu ukikatika, mzigo wake wote unarudi kwenye bati, na ufa unakimbia kuliko kwenye bati lisilo na ubavu kabisa.

Kosa dogo hapa halibaki dogo. Kanuni ya watafiti Paris na Erdogan ya 1963, inayokadiria kasi ya ufa, inapandisha K (kipimo cha ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa) kwa kipeo, na kwa alumini za ndege kipeo hicho huwa karibu na 3. K halisi ikizidi uliyokadiria kwa asilimia 20, kasi ya ufa inazidi kwa asilimia 73 hivi.

Kinachoniudhi zaidi ni modeli ya ufa mmoja peke yake. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines, ikitoka Hilo kwenda Honolulu, ilipasuka paa ikiwa futi 24,000 juu. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Bodi ile ilikuwa na mikanda iliyowekwa makusudi ili ufa ukiifikia ugeuke, na hewa itoke bila kuivunja ndege. Lakini baada ya safari 89,680, gundi ya maungio ilikuwa imeachia, ribiti zikabeba mzigo ambao gundi ilipaswa kuubeba, nyufa ndogondogo zikaota kwenye matundu mengi ya mstari mmoja. Zilipoungana, mikanda haikuzizuia.

Sasa kuna watu wanauza ripoti za nyufa: wanaingiza vipimo, wanabofya, wanakabidhi picha, wanalipwa. Hawajawahi kulinganisha hesabu zao na paneli iliyojaribiwa hadi ikakatika, na abiria ndio wanaopanda ndege hiyo. Ukiletewa ripoti ya namna hiyo, tafuta mahali panapoeleza ulegevu wa ribiti, ukubwa wa ufa wa kuanzia katika matundu ya jirani, na jaribio lililotumika kuthibitisha. Pasipokuwepo, usisaini.