Goti la kijana wangu linamuuma usiku, nimchue au nimpeleke picha?

SWALI: Asalaam alaykum daktari. Mie niko Wete, nna kijana wa miaka 15. Msimu uliopita wa karafuu aliparama mkarafuu akateleza, hakuwa juu sana, akanyanyuka mwenyewe akaendelea kuchuma. Toka hapo goti la kulia linamuuma, mara linakuja mara linaondoka. Tumemchua kwa mafuta ya makonyo, kapigwa chuku ya kuumika mara mbili, duka la dawa wakatupa diklofenaki, akinywa anapata nafuu siku mbili tatu halafu yale yale. Sasa ni miezi minne, juu ya goti pamefura kidogo pagumu, na usiku anaamka analia. Shemegi yangu kasoma kwenye simu akaniambia huenda ikawa sarkoma, toka siku hiyo silali. Hiyo sarkoma ni kitu gani na mtu anaijuaje mapema? Na mie mwenyewe nna kinundu mgongoni mwaka wa kumi, laini, hakiniumi, je na mie nikakitoe?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Kwanza mie si daktari, mie mtu wa fiziotherapia hapa Unguja, kazi yangu kutwa ni magoti na migongo ya watu na wengi wanaingia mlangoni na neno moja tu, "nichue". Huyo wako nisingemchua. Ningempeleka eksirei kabla sijamtia mkono, na wewe nakuomba kesho asubuhi mchukue umpeleke spitali ya Wete apigwe picha, haya mengine utayasoma mukiwa kwenye foleni.

Si kwamba nshajua ana nini. Magoti ya watoto wa umri huo mengi sana ni ya mpira na kuruka ruka, na sarkoma ni maradhi adimu, kwa watu wazima ni kama asilimia 1 tu ya saratani zote, kwa watoto fungu lake ni kubwa zaidi lakini watoto wenye saratani yoyote ile ni wachache. Ila umenitajia mambo matatu pamoja ambayo mie nikiyasikia sikai kitako: maumivu yanayomuamsha usiku, uvimbe mgumu juu ya goti, na miezi minne bila ya kupoa. Hata moja peke yake ni la kutazamwa, yote matatu pamoja ndo kabisa.

Sarkoma ni saratani inayoanzia kwenye mfupa, msuli, mafuta ya mwilini, gegedu, mishipa ya damu au neva. Zile tulizozoea kuzisikia, ya ziwa, ya shingo ya kizazi, ya tezi dume, ni ukoo mwengine kabisa. Hii ina aina zaidi ya 70, huna haja ya kuzijua zote, wewe gawa mafungu mawili tu, ya mfupani na ya mnofuni, kwa sababu hazijitambulishi kwa namna moja.

Sasa hapo kwenye kuanguka ndo nataka nikae, maana hapo ndo watu wengi wanapopotelea. Kuanguka hakuleti sarkoma. Kinachotokea ni kwamba mtoto anaanguka, watu wanautazama mguu kwa mara ya kwanza, wanakuta maumivu ambayo pengine yalishaanza, na toka siku ile kila kitu jina lake ni "alianguka". Bibi akiuliza, alianguka. Mchuaji akiuliza, alianguka. Daktari wa zamu ana watu sitini nje, akiambiwa alianguka mkarafuu anaandika dawa ya maumivu na mwenzio aingie. Na Pemba hiyo nani hajaanguka mkarafuu? Yule kijana wa Canada, Terry Fox, aliyekimbia mbio ndefu nchini kwake na mguu wa bandia mwaka 1980 kuchangisha pesa za utafiti wa saratani, yeye alikuwa na ajali ya gari mwisho wa 1976, goti likamuuma kidogo, akaona ni ya ajali ile, akasubiri mpaka msimu wa basketboli umalizike, Machi 1977 akaenda spitali ikawa ni saratani ya mfupa, wakamkata mguu, alikuwa na miaka 18.

Na mie lishanipata. Nlipokuwa mgeni kwenye kazi nliletewa kijana mchezaji, kagongwa uwanjani, goti. Nikampa mazoezi wiki tano. Kila akija namuuliza vipi, ananambia afadhali, na watoto wetu wa kiume unawajua, atakwambia afadhali hata mguu ukiwa unaning'inia. Siku moja mama yake yuko mlangoni keshavaa viatu ndo anasema kama jambo dogo tu, "lakini usiku halali huyu". Wiki tano sijauliza usiku! Picha ilipokuja, mfupa wa paja pale karibu na goti ulikuwa kama umeliwa na mchwa na pembeni umechipua vijiti vijiti kama miale ya jua inapochomoza. Toka siku ile mtu akikaa kwenye kitanda changu swali la kwanza ni usingizi, goti baadae.

Jeraha la kawaida lina adabu yake. Linauma sana siku za mwanzo halafu linashuka, ukipumzika linatulia, ukilitumia linalalama, baada ya wiki sita limekwisha au limebaki kijimabaki. La mfupani linakwenda kinyume. Linaanza dogo, linakuja na kuondoka (ndo maana linadanganya), halafu kila mwezi linapanda ngazi, mwisho linauma hata akiwa kalala, na usiku ndo zaidi. Anaanza kuchechemea bila ya kujijua. Halafu uvimbe, mgumu, wakati mwengine wa moto ukiugusa. Kuna wengine dalili ya mwanzo ni mfupa kuvunjika kwa kitu cha kipuuzi, kajikwaa tu. Na hii ndo sababu moja nakwambia acha kuchua, kama mfupa umeshadhoofika basi kuukanda kwa nguvu na kuukunja kunja unaweza kuuvunja, na chuku haina inachokifikia kule ndani.

Usije lakini ukaona kila mtoto anayeumwa mguu ana sarkoma. Wale wadogo, miaka mitatu mpaka kama kumi na mbili, wanaolia miguu jioni, miguu yote miwili, asubuhi wameamka wanakimbia hawana habari, hiyo tunaiita maumivu ya ukuaji na haina ubaya. Vijana wa mpira wanapata kinundu chini ya kilegesambwa, juu ya muundi, ukibonyeza anaruka, kinauma akicheza na kinatulia akipumzika, na hicho pia mara nyingi kinapita na umri. Wako mwenye uvimbe JUU ya goti, mguu mmoja, unaouma akiwa hafanyi kitu, huyo hayumo humo. Saratani ya mfupa inayoitwa osteosarkoma inapenda sana miaka 10 mpaka 20, ule wakati kijana anarefuka suruali kila Idi inapanda, na inapenda zile ncha za mifupa zinazokua haraka, mwisho wa paja karibu na goti, mwanzo wa muundi, na juu ya mkono karibu na bega.

Kuna na mengine yanayofanana nayo. Mwenye selimundu anapata maumivu makali ya mifupa na huyo anaweza pia kupata usaha ndani ya mfupa, na kifua kikuu kinaingia mifupani vile vile. Na kuna aina moja ya sarkoma, ya Ewing, inakuja na homa na kukonda mpaka watu wanadhani ni usaha, wanampa mtoto antibayotiki wiki nenda wiki rudi. Na ili nikupunguzie khofu, kuna kiuvimbe cha mfupa kisicho saratani kabisa ambacho na chenyewe kinauma usiku na kinasikia sana dawa kama hiyo diklofenaki. Kwa hiyo kupata nafuu kwa kidonge si ushahidi wa kitu chochote, si wa uzuri wala wa ubaya. Picha ndo itasema.

Za mnofuni sasa, na hapa nakuja kwenye mgongo wako. Hizi zinadanganya kwa sababu nyingi haziumi. Mtu ana donge pajani linakua taratibu, haliumi, anakaa nalo mwaka kwa sababu kwetu kisichouma si maradhi. Mie natazama ukubwa wake, likifika kama yai la kuku, sentimita 5 hivi, lionyeshwe hata kama haliumi. Nauliza kama linakua, maana la miaka 10 lililotulia si sawa na la miezi mitatu linalobana suruali. Natazama limekaa wapi, juu juu chini ya ngozi au ndani kwenye msuli, hili unaweza kulijaribu mwenyewe, legeza msuli ulisukume kwa vidole, halafu kaza msuli usukume tena, likigoma kwenda ukikaza basi limeshikana na ndani huko. Na kama lilishatolewa likarudi pale pale, hilo lisingojwe hata kidogo.

Chako dada, laini, mwaka wa kumi, hakijabadilika, inaelekea ni uvimbe wa mafuta tu, watu wengi wanavyo. Kipime kwa ule utepe wa fundi cherehani, andika tarehe na ukubwa nyuma ya kalenda, ukiona kinapanda ukapigwe altrasaundi. Ila usikubali mtu akakikate kwenye kiti cha kliniki "dakika kumi tu" kama ni kikubwa au kimeingia ndani na hakijapigwa picha. Mie nshaona watu waliokatwa hivo, kikarudi, wakaenda kwa bingwa, ikabidi ikatwe nyama mara mbili ya ile ambayo ingekatwa mwanzo, kwa sababu kilikuwa ni sarkoma na kila kisu kilipopita pamechafuka kwa chembe zake. Picha kwanza, halafu kinyama kidogo kinachukuliwa kwa sindano nene kikapimwe, halafu ndo kisu. Na hiyo sindano watu wanaiogopa, ati ukigusa saratani inatawanyika. Ikifanywa na ile timu itakayokuja kupasua, pahala palipopangwa, hiyo khofu haina msingi, na waliokimbia sindano nnaowajua mie wamerudi wakiwa wamechelewa.

Nyengine ya kuitaja haraka ni ya Kaposi, hii inatokana na virusi vinavyoitwa HHV-8, inamtafuta zaidi mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa VVU. Madoa ya zambarau, kwa ngozi zetu yanaonekana meusi au kahawia, miguuni, usoni, na kwenye kaakaa la mdomo, hayawashi wala hayaumi, na mguu unaweza kufura. Akianza dawa za VVU mara nyingi yanarudi nyuma. Na mwenye mguu wa matende wa miaka mingi, akiona doa la zambarau au kidonda kisichopona juu ya mguu ule, na yeye aende, ni nadra sana lakini ipo.

Turudi kwa kijana. Ukifika mwambie daktari maneno haya haya, anaamka usiku, pamefura pagumu, miezi minne. Habari ya mkarafuu iache mwisho, akiuliza ndo useme. Picha ipigwe pande mbili, mbele na ubavuni, na ichukue sehemu ya paja, isiwe goti peke yake. Picha ikiwa na shaka utapewa rufaa spitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja, na huko wakiona inahitajika mtavuka Dar, watoto wa saratani wanatibiwa Muhimbili. Atapigwa MRI, ile picha ya sumaku, ya mguu na kutazamwa mapafu, maana sarkoma ikisafiri inakimbilia mapafuni kabla ya kwengine. Na picha ikitoka safi lakini usiku bado analia, rudi baada ya wiki mbili tatu, usikubali "picha ilikuwa safi" ikawa ndo mwisho, eksirei ya mwanzo mwanzo inaweza isionyeshe kitu.

Najua unachotaka kuuliza na hujauliza. Ikiwa ndiyo, matibabu yapo, dawa za saratani za kutiwa kwenye mshipa kwanza, halafu operesheni, halafu dawa tena, na siku hizi wengi wanatolewa kile kipande cha mfupa mguu unabaki. Kwenye nchi zenye huduma zote, waliokutwa bado iko pahala pake, karibu wawili katika watatu wanaendelea kuishi baada ya miaka 5, na ikishafika mapafuni wanashuka chini ya mmoja katika watatu. Ndo maana nakukimbiza na hii kesho.

Mpaka apigwe picha asicheze mpira, asiparame, asibebe mzigo, mtafutieni fimbo aegemee mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima. Panadoli anaweza kunywa kwa kipimo chake. Na hizo picha zikitoka ziombe uondoke nazo, ukivuka bahari bila ya picha utaanza upya.