Mtoto analia hata kabla ya sindano: ni uchungu ama ni deko?

Dada umesema wako wa miaka miwili akipelekwa kutolewa damu anapiga nduru hata kabla pamba ya spiriti haijamgusa, sista anasema ni deko tu, na wewe hujui uamini nani. Mimi niko Kisumu na huku tangu 2019 kuna chanjo ya malaria juu ya zile zingine, so watoto wetu wanaijua sindano vizuri sana.

Kelele si kipimo. Wangu wa kwanza akiona tu koti jeupe kliniki yote inajua amefika. Huo ni woga sawa, lakini mtoto mwenye woga sindano humuuma zaidi, kwa hivyo hilo neno deko mimi silikubali. Wa kuchunga ni huyu wangu wa pili, juu yeye hunyamaza. Alilazwa na malaria, kanula (ule mrija mdogo wa dripu) iko nyuma ya mkono, usiku katulia kila mtu wodini anamsifu ati mtoto mzuri, lakini mimi naona vidole amevikunja, blanketi ikiguswa upande huo anavuta mkono, paji limekunjamana hata akisinzia, kunyonya hataki. Nikamulika na tochi ya simu, mkono umevimba unang'aa kama andazi, kumbe dripu ilishatoka kwa mshipa inaingia kwa nyama. Nikaita sista wa zamu akaitoa hapo hapo. Na hakuwa amelia hata kidogo.

Kuna kipimo cha watoto wasioweza kujieleza kinaitwa FLACC, kilichapishwa 1997 huko Marekani. Wanaangalia uso, miguu, vile mwili unatulia ama unajinyonga, kilio, na kama anabembelezeka, kila kimoja 0 hadi 2, jumla 10. Ona kilio ni kimoja tu kati ya vitano. Mimi huangalia sana miguu na kubembelezeka, juu wangu akiwa ni woga tu tukishatoka kile chumba ameshasahau anataka ndizi, lakini ikiwa anaumwa unaweza mbeba ukazunguka naye uwanja wote na bado amekaza miguu.

Na usimlaumu sana huyo sista, hadi miaka ya themanini kuna vichanga walikuwa wanapasuliwa na dawa kidogo sana ya uchungu, wakubwa wakiamini hawahisi kama sisi. Hata nyumbani ni hivyo hivyo, baba yao anaona mtoto yuko sawa, mimi natetemeka, dani yao (nyanya) anasema mwanaume halii (huyo wa kwanza ana miaka minne jamani!). Huyo wa minne sasa namwonyesha zile picha za nyuso za kuonyesha uchungu ni kiasi gani, anachagua mwenyewe, na mara mingi anachagua uso mbaya kuliko ule ningemchagulia mimi.

Kwa wako, siku ya damu omba umpakate wima kifuani, usikubali alazwe chali ashikwe na watu watatu. Kama bado ananyonya mpe titi, kwa chanjo hata WHO inashauri hivyo. Usimwambie haitaumiza, mwambie itauma kidogo halafu itaisha. Na uulize kama wako na ile krimu ya ganzi, inapakwa kama saa moja mapema, kwa hivyo uliza ukifika tu, usingoje hadi muitwe.