Datsun 240Z au Toyota Noah? Kwanza niambie nani atakaa nyuma

Mtu akiniuliza anunue ipi kati ya hizi mbili, namuuliza nani atakaa nyuma. Nimeziendesha zote kati ya Nakuru na Kisumu na nazipenda zote, lakini Datsun, gari la spoti la zamani, ina viti viwili tu. Kama una watoto na uwezo wako ni gari moja, chukua Noah, gari la familia.

Wengi hubishia hapo kwenye nguvu. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, basi watu huidharau Noah. Lakini injini ya Datsun, lita 2.4 na silinda sita, ina nguvu za farasi kama 150. Noah iliyotoka 2007, yenye injini ya lita 2.0 ya Valvematic (mfumo wa Toyota wa kurekebisha ufunguaji wa vali), ina 158. Kinachoipa Datsun wepesi ni uzito: kilo elfu moja na kidogo, na Noah inapita 1,500 kabla hujapakia mtu.

Mlimani ndiko utazijua. Ukitoka Kisumu kupitia Ahero na Kericho hadi Mau Summit, unapanda kutoka mita 1,100 na ushei hadi zaidi ya 2,400, na huko juu hewa ni nyepesi. Kabureta mbili za Datsun, vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, hazijui kwamba hewa imepungua. Zinaendelea kumimina petroli, ekzosi inatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, na ukikanyaga mafuta gari linakohoa. Noah pia hupungukiwa nguvu, ila sensa hupima hewa na kompyuta inapunguza petroli yenyewe. Ukiishi Nakuru, kabureta zako zisetiwe Nakuru, zisisetiwe Kisumu, na ubebe plagi za akiba.

Hata hivyo, zile kona za mashamba ya chai nikiwa ndani ya Datsun! Usukani hauna pawa, kila kokoto unalisikia mikononi. Sijapata raha ya barabarani kama hiyo. Lakini haina ABS, ya kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki ghafla, wala mifuko ya hewa, na breki za nyuma ni za ngoma. Kwa malori ya barabara ile, mtoto simpakii humo kabisa.

Noah haina mbwembwe. Mlango unateleza kando, mama mkwe anaingia bila taabu, na mikungu ya ndizi kutoka Kisii inapata nafasi. Cha kuchunga ni gia ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia na inayotaka mafuta yake maalumu: fundi akitaka kuweka mafuta ya kawaida ya gia otomatiki, mkatalie. Kabla ya kulipa, ipandishe mlima. Injini ikinguruma na gari lisiongeze mwendo, achana nayo.

Ukiwa tayari una gari la familia na Datsun bado inakukosesha usingizi, inunue. Ila ulale chini yake kwanza na bisibisi. Gonga sakafu, kagua chini ya betri na juu ya magurudumu ya nyuma. Kutu ikiwa imefika kwenye mihimili ya chini, rudi nyumbani na pesa zako.