Malaria haitokei mdomoni

SWALI: Nauza nguo soko la Kibuye, Kisumu. Kila baada ya miezi miwili hivi mdomo wa chini huniwasha upande mmoja, na kesho yake nina vipele vya maji. Mama mkwe husema ni malaria inatoka, basi nameza dawa ya malaria. Kidonda nacho hakijali. Sasa binti yangu amejifungua, mtoto ana wiki mbili. Naweza kumbeba?

JIBU: Mama, mama mkwe ameona kitu cha kweli ila amekipa jina lisilo lake. Homa yoyote, hata ya malaria, huamsha kirusi cha herpes simplex aina ya 1. Wengi hukipata utotoni kupitia mate, wala si alama ya uzinzi. Hujificha kwenye fundo la neva ya uso ndani ya fuvu na hakitoki tena. Kikichokozwa hurudi kwa neva ileile, ndiyo maana kidonda chako huota palepale. Uchovu na hedhi hukichokoza pia, lakini kwa mtu anayeshinda Kibuye, mshukiwa wa kwanza ni jua. Vaa kofia pana, upake mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua ya SPF 30. Mafuta ya kawaida hulainisha tu.

Dawa ya malaria usiimeze kabla ya kupimwa. Ya mdomo ni krimu ya asiklovia ya asilimia 5: paka mara 5 kwa siku, kwa siku 5, kuanzia saa ile mdomo unapowasha. Wengi hufika kwa kemisti gaga limeshakauka, na hapo ni kupoteza hela bure. Hata ukiwahi, hupunguza siku moja hivi tu. Bila dawa kidonda hupona kwa siku 7 hadi 10. Krimu za steroidi, zile wanazouziwa watu kwa kila kipele, hulaza kinga ya ngozi na kirusi kikasambaa. Kidonda kikirudi mara 6 au zaidi kwa mwaka, muulize daktari kuhusu vidonge vya kuzuia.

Mjukuu mbebe, ila usimbusu hadi gaga lianguke na ngozi ipone. Nawa mikono kwa sabuni kwanza, uvae maski. Kwa mtoto wa umri huo kirusi chaweza kufika kwenye ubongo na ini. Akikataa kunyonya, akichemka au akitoa malengelenge, hospitali siku hiyohiyo.

Jicho likiwa jekundu na kuuma, huenda kirusi kimefika huko; usijinunulie dawa ya matone. Na kidonda kikipita mwezi bila kupona, omba pia kipimo cha HIV.

SWALI: Niko Nakuru. Vidonda vyangu ni vyeupe, ndani ya shavu na chini ya ulimi. Ni herpes?

JIBU: Kwa maelezo hayo, sivyo. Hivyo ni vidonda vya kawaida vya kinywa: havianzi na malengelenge, haviambukizi, na asiklovia haivigusi. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, mara 3 au 4 kwa siku. Vikizoea kurudi, damu ipimwe madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Kama kidonda ni palepale kila mara, pitisha ulimi kwenye jino la jirani: likikwaruza, daktari wa meno atalipiga msasa kwa dakika chache.