Kinyama cha titi: kisu hakiamshi kansa, lakini kopo linaweza kuharibu kila kitu

Ndugu mleta mada, pole sana wewe na familia. Nimesoma andiko lako mara mbili. Umesema mama yako mkubwa huko Tandahimba ana uvimbe titini, daktari anataka kutoa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, na wazee wamekataa kwa hoja kwamba kansa ikiguswa na kisu inaamka na kusambaa. Umesema pia jirani yenu alikabidhiwa kopo lenye kinyama alipeleke mwenyewe Dar kwa basi, majibu yakachukua wiki nne. Na kuna mtu amewatia hofu kwamba nyama zinazobaki wanafanyia utafiti kimyakimya. Mimi ni mteknolojia wa maabara, mzaliwa wa Newala. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye chumba cha kukatia vinyama Dar kabla ya kurudi Mtwara, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyashika kwa mikono.

Nianze na wazee, maana bila wao mama mkubwa haendi popote. Usiwabeze. Wanachosema wamekiona kwa macho: fulani alipelekwa hospitali, akachomwa sindano, baada ya miezi mitatu akazikwa. Ila waulize alipelekwa lini. Utakuta alikaa na uvimbe mwaka mzima au miwili, akaenda titi limeshachubuka na kwapani kuna mitoki. Kansa ilikuwa imeshatembea kabla kisu hakijatolewa kwenye pakiti. Kisu kilifika mwisho, kikabebeshwa lawama zote.

Mimi nyumbani niliwaeleza kwa bambo. Ghalani, mkaguzi wa ufuta anachoma bambo kwenye gunia, anatoa punje kidogo, anazitazama kiganjani, ndipo anasema mzigo huu ni safi au mchafu. Hakuna mkulima wa Lindi wala Mtwara anayesema bambo ndilo lililoozesha ufuta. Sindano ya kutolea kinyama cha titi ni bambo. Mgonjwa anapigwa ganzi, sindano inaingia, inatoka na kipande chembamba kama tambi, basi. Seli chache zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano, hilo madaktari wanalijua. Lakini tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kwamba sindano ya titi inafupisha maisha ya mgonjwa. Kinachoyafupisha ni kutibiwa kwa kubahatisha, au kutotibiwa. Kuna viungo vichache ambavyo daktari hapitishi sindano hovyo, korodani kwa mfano, na mafunzo yao yanawaambia hivyo. Titi halimo humo.

Bambo lina udhaifu wake pia, na ni vizuri mkaujua mapema. Likichomwa juujuu mwa gunia linaweza kuokota punje safi wakati uchafu uko chini. Kwa hiyo majibu yakija yanasema hakuna kansa, lakini uvimbe ni mgumu, umeshika ngozi, na picha ya ultrasaundi inatia shaka, msishangilie na kurudi Tandahimba. Mwulizeni daktari kama kinyama kirudiwe. Bingwa mzuri wa patholojia, yaani daktari anayesoma vinyama, mwenyewe huandika kwamba alichokiona hakilingani na maelezo ya uvimbe.

Kwetu kusini neno la mwisho mara nyingi liko kwa mjomba. Usianze kubishana na kila mtu kwenye kikao. Mwone mjomba wa mama mkubwa peke yake, mweleze haya taratibu, umpe nafasi ya kuuliza. Akikubali yeye, kikao kinakuwa kifupi.

Sasa kopo. Hapa nina uchungu wangu, naomba mnivumilie.

Siku moja Dar nilipokea mfuko wa sampuli za mikoani. Kazi yetu ni kufungua kopo, kulinganisha jina na fomu, kisha kuipa sampuli namba. Fomalini, dawa ya maji inayozuia kinyama kisioze, ukiifungua inakuchoma macho na pua kabla hata hujainama. Kopo la tatu nililifungua na macho yangu hayakuchoma. Kilichonijia ni harufu ya bucha wakati wa jioni. Nikavuta fomu nisome jina, nikakuta ni la mama yangu mdogo. Sikujua kama anaumwa. Alikuwa amemwambia binti yake tu, na binti ndiye aliyelipakata kopo lile kwenye basi, siku ya tatu tangu kinyama kitolewe. Aliyekitoa alikuwa amekitia kwenye maji ya dripu.

Tulikipitisha hivyohivyo kwa matumaini. Kwenye kioo cha hadubini, viini vya seli ambavyo rangi ya hematoksilini huvipaka buluu ya zambarau vilikuwa vimefifia kama wino ulionyeshewa mvua. Daktari bingwa akaandika kwamba sampuli imeoza, irudiwe. Asingeweza kuandika vingine. Mama mdogo alipoambiwa akatwe tena, aligoma miezi miwili. Ile miezi miwili nimeihesabu siku kwa siku.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku ya kinyama uwepo. Uliza kwanza kama hospitali ina utaratibu wake wa kusafirisha sampuli, na maabara gani itakayosoma. Uliza hata kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, kabla ya kufikiria Dar, usije ukasafiri zaidi ya kilomita 500 bila sababu. Ukiambiwa ubebe mwenyewe, hakikisha kinyama kimetiwa kwenye fomalini palepale kilipotoka. Fomalini ya kawaida ya kazi hii ni ya asilimia 10, na iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kinyama kikijaza kopo, katikati hakipati dawa. Fomalini inapenya polepole, milimita moja kwa saa au chini ya hapo, ndiyo maana titi zima likitumbukizwa bila kupasuliwa huwa limekauka nje na kuoza ndani.

Kopo liwe na mdomo mpana. Nyama huingia laini na kutoka ngumu kama raba. Nimewahi kuvunja chupa ya dawa ya kikohozi kwa nyundo kwa sababu aliyetia kinyama hakufikiria kitatokaje. Jina liandikwe kwenye mwili wa kopo, lisiandikwe kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani. Fomu iwe na umri, upande wa titi, uvimbe umekaa muda gani, na saa kinyama kilipotolewa. Usiweke kwenye barafu wala friji, fomalini haihitaji ubaridi. Funga kwa mifuko miwili, kopo likae wima, mbali na chakula na watoto, kwa sababu ile ni sumu.

Kwa nini saa ya kutoa kinyama iandikwe? Kwa kansa ya titi, kujua kwamba ni kansa hakutoshi. Bingwa anapima pia kama seli zina vipokezi, yaani sehemu za kunasia homoni, vya estrojeni na projesteroni, na protini inayoitwa HER2. Zenye kipokezi cha estrojeni zinaweza kupewa tamoksifeni, kidonge cha kumeza kila siku. Zenye HER2 nyingi zina dawa yake nyingine. Vipimo hivi vinataka kinyama kiingie fomalini ndani ya saa moja, na mwongozo unaofuatwa na maabara nyingi unasema kikae humo kuanzia saa 6 hadi 72. Kikikaa kidogo mno au siku nyingi mno, kipokezi kilichopo kinaweza kuonekana hakipo, na mama akanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia. Basi usitoe kinyama Ijumaa ukapanga kusafiri Jumatano.

Kuhusu wiki nne za jirani, sitetei kila siku ya hizo. Nyingine ni foleni, kemikali kuisha, na mabingwa kuwa wachache. Lakini kuna muda ambao haukwepeki. Kinyama kikishaiva kwenye fomalini kinanyonywa maji kwa spiriti, kinapitishwa kwenye kemikali iitwayo zailini, kisha kinajazwa nta ya moto, hiyo ni kazi ya usiku kucha. Asubuhi kinagandishwa kuwa bloku ndogo. Bloku naifunga kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia, nazungusha mpini, na kisu kinatoa utepe wa nta wenye unene wa mikroni 3 au 4, yaani mara ishirini hivi chini ya unywele. Utepe ule naulaza juu ya maji ya vuguvugu, unatanuka na kutulia kama utando juu ya maziwa. Kisha nachovya kioo chini yake na kuupandisha. Ukipumua vibaya unajikunja na unaanza upya. Baada ya hapo ndipo rangi: viini buluu, vilivyobaki waridi. Mfupa unachelewa zaidi, lazima kwanza uloanishwe kwenye asidi mpaka ulainike. Na vile vipimo vya vipokezi huongeza siku nyingine.

Nataka mama mkubwa ajue jambo lingine: kinyama hakitafuti kansa peke yake. Tuliletewa kijana kutoka upande wa Nachingwea, shingo imejaa mitoki, amekonda, jasho usiku. Ndugu walikuwa wameshaanza kuuza mashamba ya mikorosho wakisema ni kansa ya damu. Kwenye kioo kulikuwa na mafundo ya seli yamezunguka kitu laini kama jibini, na tulipopaka rangi ya kutafuta vimelea, vijiti vyekundu vilijitokeza juu ya buluu. Ilikuwa TB ya tezi. Alimeza dawa miezi sita, akapona. Nimeona na kinyume chake, mtoto aliyepewa dawa za TB miezi minne bila kukatwa tezi, kumbe ni limfoma, kansa ya tezi. Kwa vidole, mitoki hiyo miwili inafanana kabisa.

Na hofu ya utafiti. Ni kweli bloku hazitupwi, zinahifadhiwa kwa miaka, na kwanza ni kwa faida yenu. Mkitaka bingwa mwingine asome, mnaomba bloku au kioo, hamlazimiki kumkata mama tena. Mtafiti anayetaka kuzitumia lazima apite kwenye kamati ya maadili, na kibali cha kitaifa kinasimamiwa na NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mama akipewa fomu ya ridhaa asomewe kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Kimakonde. Ana haki ya kukataa utafiti na bado akatibiwa.

Lakini msiuone utafiti kama wizi. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari hospitali za mashariki mwa Afrika hadi kusini, wakaona ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, yaleyale ya malaria. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege London kwa mtafiti Anthony Epstein. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilikwepa ukungu ikatua Manchester, sampuli ikachelewa, ikafika maji yake yamechafuka. Walidhani imeoza. Walipotazama kwa hadubini, uchafu ule ulikuwa seli hai zinazoelea. Kutoka kwenye seli zilizooteshwa hivyo, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Leo watoto wengi wenye uvimbe ule wanapona kwa dawa. Bahati ya kuchelewa namna ile ilitokea mara moja. Kopo la mama mkubwa lisiitegemee.

Na kwetu kabisa: chikungunya. Ugonjwa ule uliwapinda watu viungo kwenye uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, damu za wagonjwa zikapelekwa kuchunguzwa, na mwaka 1956 mtafiti R. W. Ross akaeleza kirusi kilichotengwa kutokana na mlipuko wa Newala. Dunia nzima, Brazili mpaka India, inauita kwa neno la Kimakonde. Bibi yangu alikuwa msichana wakati huo, na alituonyesha jinsi watu walivyotembea wameinama, mikono magotini. Wale waliokubali kutoa damu ndio waliowezesha ugonjwa huo kujulikana.

Mama mdogo alirudi kukatwa baada ya mjomba kwenda kuongea naye. Safari hii kinyama kilitiwa fomalini mbele ya macho ya binti yake. Ilikuwa kansa, na kipokezi cha estrojeni kilikuwepo. Alifanyiwa upasuaji, akapata tiba ya dripu, na sasa yuko mwaka wa nne wa tamoksifeni. Kidonge anakimeza asubuhi pamoja na chai, na akisahau anatupigia simu kuuliza afanyeje.

Mama mkubwa akikubali, niandikie siku moja kabla. Ukishapewa kopo, piga picha fomu na lebo kwa ajili yako, halafu niambie kama fomalini imefunika kinyama na imebaki nyingi juu yake. Kama lebo iko kwenye kifuniko, usiondoke pale dirishani. Mwombe nesi kwa heshima aandike upya ubavuni mwa kopo.